Kumngoja Bwana si Kukunja Mikono

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, kisiwa cha Takawiri)



Leo tumeombwa tuseme juu ya kurudi kwa Bwana Yesu. Hilo ni tumaini letu, wala hatuoni haya kulisema. Tunapozika wapendwa wetu hapa kisiwani, ni tumaini hilo linalotufuta machozi.

Lakini kuna jambo linatusumbua. Mwaka wa 2020 nzige walivamia kaskazini mwa Kenya, korona ikafunga makanisa na shule, na ziwa letu nalo likapanda hata likaingia majumbani. Wengi wakasema, "Basi, huu ndio mwisho." Mama mmoja wa kikundi chetu akaja kuomba hisa zake zote. Ati ya nini kuweka akiba na dunia inaisha? Tulimpa pesa zake, na alipotoka tukacheka. Baadaye ndipo tulipojua kwamba ameacha hata dawa zake za kila siku, kwa kuwa mhubiri fulani alimwambia mwenye imani hamezi vidonge. Tulimfuata wakati amekwisha kuugua sana.

Ndugu, hapo tulikosa. Mtu akidai hisa zake kwa sababu ya mwisho wa dunia, tusicheke. Twende kwake siku hiyo hiyo, tuketi naye, tumwulize: Je, unakula? Unameza dawa? Watoto wanaenda shule?

Mambo haya si mchezo. Kule Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu walikufa katika moto ndani ya kanisa lao. Walikuwa wamehubiriwa kwamba dunia inaisha, wakauza mali yao. Na hapa kwetu Kenya, Aprili 2023, makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, wakiwemo watoto wengi. Watu walikuwa wameambiwa wafunge kula mpaka wafe, ndipo wakutane na Yesu.

Basi tuwe macho na mhubiri wa namna hii:

1. Anayetaja tarehe. Yesu mwenyewe alisema siku na saa anaijua Baba peke yake.
2. Anayekwambia uuze shamba au mtumbwi wako.
3. Anayekukataza hospitali, shule, au kuongea na jamaa zako.

Ukimsikia, usinyamaze. Mwambie mchungaji, mwambie na chifu.

Sasa, kungoja ni nini? Kule Thesalonike wako waliokaa bure, na Paulo akawaandikia wafanye kazi kwa utulivu, wale chakula chao wenyewe. Tena katika Luka 19, yule bwana aliyesafiri aliwaachia watumishi fedha wafanye biashara mpaka arudi. Hakuwaambia wakae mlangoni wakichungulia njia.

Hata sisi tunalijua jambo hili. Mama anayeanika omena pale mchangani hajui mvua itakuja saa ngapi. Je, huacha kuanika? La! Anaanika, na jicho liko kwenye wingu. Asiyeanika kwa kuogopa mvua, omena yake itaoza hata jua likiwaka. Kungoja ndiko huko: mikono iko kazini, macho yako juu.

Yule mama yuko nasi leo. Alirudia dawa, na hisa zake analipa kidogo kidogo. Bado anamngoja Bwana, nasi tunamngoja pamoja naye.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

Nani kati yetu hajaonekana kwenye mkutano mwezi huu? Nani atakwenda kumwona, na lini?