Usitie Sahihi Leo

(Hotuba ya Katibu katika sherehe za miaka 10 ya Chama chetu Kikuu)



Wenzangu waliotangulia wamekwisha kueleza habari za ghala, mizani na malipo ya pili, wala sina la kuzidisha. Naomba ruhusa yenu nisimulie jambo lililonipata mwenyewe, ambalo nimelificha kwa haya. Nalitoa leo kwa kuwa lilikaribia kuwafikia ninyi nyote.

Mwezi wa Agosti mwaka 2023 nilikwenda Dar es Salaam kwa kazi ya Chama, nikafuatana na mke wangu aliyekwenda kumtazama dada yake. Tukiwa huko nilipigiwa simu. Sauti ya upole iliniambia kwamba nimechaguliwa kupata zawadi ya kulala siku mbili bure katika nyumba ya mapumziko ufukweni. Sharti lilikuwa moja tu, nalo ni kufika hotelini pamoja na mke wangu, tukasikilize maelezo kwa dakika 90.

Tuliingia saa 4 asubuhi. Chumba kilikuwa na meza nyingi ndogo, muziki wa juu, na vinywaji vya baridi. Kijana nadhifu akaketi nasi, akatuamkia kwa adabu. Hakutaja bei. Aliuliza majina ya watoto wetu, wanasoma wapi, na kama wamewahi kuiona bahari. Kila jibu aliliandika katika karatasi. Tukadhani ni ukarimu. Kumbe twampa kamba ya kutufungia.

Mali yao ilikuwa hivi. Hununui nyumba, bali unanunua haki ya kukaa ndani yake juma moja kila mwaka. Biashara hii ilianza Ulaya katika miaka ya 1960, katika nchi za milima ya Alps, kisha ikaenea Hispania, Marekani na kwingineko. Si haramu, na wako watu wanaoifurahia. Neno langu ni juu ya namna tulivyouziwa.

Bei ya kwanza ilikuwa shilingi 14,000,000. Niliposhtuka, akaja mkubwa wake, akaishusha hadi 9,800,000. Nilipotikisa kichwa, akaja mwingine, akasema 6,500,000, lakini kwa siku ile tu. Tukitoka mlangoni, bei hiyo imekufa. Kila mtu alipotia sahihi kengele ililia na chumba kizima kikapiga makofi. Kijana akaisoma ile karatasi yake: "Mzee, umesema mwenyewe watoto hawajaiona bahari. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako." Nikaona aibu, kama kwamba kukataa ni kuwanyima wanangu. Dakika 90 zilikwisha zamani, nasi hatukuthubutu kuinuka.

Wanachama wenzangu, nilishika kalamu. Mfukoni nilikuwa na fedha za karo, nao walizitaka ziwe malipo ya kutangulia.

Mke wangu ndiye aliyeuliza: "Hiyo ada ya matunzo ya kila mwaka itakoma lini?" Kijana akanyamaza kidogo, akasema haikomi. Mke wangu akanigeukia: "Baba watoto, twende nao mkataba huu nyumbani, tuusome." Wakajibu kwamba mkataba hautoki chumbani bila sahihi. Hapo nikaiweka kalamu chini.

Mkubwa wao hakukata tamaa. Alipojua kazi yangu, akanivuta kando, akaomba orodha ya wanachama wetu na namba zao za simu. Kwa kila mwanachama atakayenunua, mimi ningepata fungu langu. Naungama mbele yenu: sikukataa papo hapo. Nilisimama nikahesabu. Nilitoa jibu langu mke wangu aliponishika mkono kunikumbusha saa. Tulitoka saa 8 mchana. Ile zawadi ya siku mbili hatukuipata hata leo, kwani kila siku tuliyotaja ilikuwa imejaa.

Nyumbani nilifanya hesabu niliyopaswa kuifanya kwanza. Mwaka una majuma 52. Hata kwa bei ya mwisho, majuma yote ya nyumba moja yakiuzwa yaleta shilingi 338,000,000, nayo ilikuwa na chumba kimoja cha kulala na sebule. Ada ya matunzo ilikuwa shilingi 480,000, nao walikuwa na haki ya kuipandisha. Ikipanda kwa asilimia 8 kila mwaka, baada ya miaka 9 inakuwa maradufu, uende ufukweni au usiende.

Mataifa mengine yameijua hatari hii. Mwaka 1994 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo kwamba mnunuzi wa majuma ya namna hii awe na siku 10 za kughairi baada ya kutia sahihi. Agizo la mwaka 2009 likazifanya siku 14, likakataza fedha yoyote kupokewa kabla hazijakwisha. Yaani walitambua kwamba sumu iko katika neno "leo". Mtu akiachwa aende nyumbani, akili zake humrudia.

Nasi twalijua jambo hili tangu zamani. Wenzetu wa Kagera wana neno butura, yaani kahawa kuuzwa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mwenye shamba ana shida leo. Ushirika uliundwa ili mkulima asisimame peke yake mbele ya mnunuzi mwenye haraka. Ndiyo maana mkutano wetu mkuu hutolewa taarifa mapema, hesabu husomwa kwa sauti, na mwenye swali husimama akajibiwa. Wengi hunung'unika kwamba twakawia. Mimi nasema kukawia huko ni ngome yetu.

Siku za malipo ya pili wauzaji hufika kwetu kwa wingi, wenye viwanja, taa za jua, dawa za mimea na hisa za kila aina. Wengine ni watu wema. Naomba tuwapime wote kwa mambo matatu. Kwanza, mkataba usiokubali kubebwa nyumbani usitiwe sahihi. Pili, ulizeni malipo yatakoma lini. Tatu, bei inayokufa jioni iacheni ife.

Nanyi Makatibu wenzangu, daftari la wanachama si mali yetu; tumewekewa amana. Nimeiomba Halmashauri iamue kwamba jina la mwanachama lisitolewe kwa mfanya biashara yeyote bila idhini ya mkutano. Naomba mwunge mkono azimio hilo, ili Katibu atakayenifuata asiachiwe kuhesabu peke yake pembeni, kama nilivyohesabu mimi.