Shamba Moja, Picha Nne



Nilipoondoka shuleni nilijiona mchoraji kamili. Nikachora shamba la nyasi alikokata baba malisho ya ng'ombe, lote kijani kibichi. Baba akaitazama picha, akauliza, "Mwanangu, huu ni mwezi gani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechorea chumbani, kwa kukumbuka tu.

Mwaka uliofuata nikakaa pembeni mwa shamba lile, chini ya mti mmoja. Wakati wa masika kijani kilikuwa na buluu ndani yake. Nyasi zilipoanza kuchanua zikaingia hudhurungi. Hapo baba akazikata, maana zikikomaa mno hupungua lishe. Zilipokauka, vivuli vya marobota vilikuwa vya zambarau, si vyeusi. Kiangazi kikabakiza mabua mafupi na vumbi.

Baadaye nikasoma kwamba Claude Monet alifanya vivyo hivyo karibu na nyumbani kwake Giverny, Ufaransa, mwaka 1890 na 1891. Alichora marundo ya ngano iliyovunwa katika picha zipatazo 25, kwenye jua na kwenye theluji. Mei 1891 alionyesha 15 kati yake mjini Paris.

Picha zangu nne nilimpelekea baba bila kumwambia neno. Akazipanga sakafuni kwa kufuata miezi. Hakukosea hata moja.

Vijana, kabla ya kushika brashi, kaeni kwanza shambani.