Mgeni na Wavu Wake

Msikilizaji wangu wa Songea, leo naanzia mbali, Seadrift, mji mdogo wa wavuvi wa kaa pwani ya Texas, Marekani. Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilipoanguka Aprili 1975, Wavietinamu wengi walikimbilia Marekani, na waliozoea kuvua wakaifuata bahari. Wenyeji wa Seadrift walikuwa na taratibu zao ambazo hazikuandikwa popote: mtego wako usiusogeze karibu na wa mwenzio. Mtu asiyejua Kiingereza angezijuaje? Ugomvi ukakua, na Agosti 1979 mvuvi mwenyeji akapigwa risasi, akafa. Punde boti za Wavietinamu zikachomwa moto. Mahakama ilimwachia Mvietinamu aliyeshtakiwa kwa kumpiga risasi, ikikubali kwamba alijitetea. Mwaka 1981 Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi weupe, wakaingia ghuba ya Galveston, pwani hiyohiyo, kuwatisha wavuvi wa Kivietinamu, mpaka Jaji Gabrielle McDonald, mwanamke mweusi, alipowapiga marufuku kabla tu ya msimu wa kamba kufunguliwa.

Sasa turudi kwetu. Miezi miwili baada ya Saigon kuanguka, Msumbiji ilipata uhuru, na wakimbizi wake waliokuwa Muhukuru na Lundo wakaanza kufunga mizigo. Walikuwa wakimiminika mkoani kwetu tangu vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964. Ndege za Wareno zilivuka mto Ruvuma kushambulia vijiji vya mpakani, na bado hatukuwafukuza. Wazee husema ulikuwa ukarimu. Sibishi. Lakini naona kilichosaidia zaidi ni kwamba wakimbizi walipewa mashamba. Mwenyeji alijua mpaka wake, na mgeni alijua wake.

Lakini Ziwa Nyasa hulipimi kwa ekari. Nenda Mbamba Bay au Liuli usiku wa giza, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa majini: utaliona wapi jiwe la mpaka? Wavu mmoja ukipita juu ya mwingine, tayari pana maneno, na kama mwenye wavu ni mgeni, maneno hayo hayachelewi kugeuka ya kabila na ya uraia.

Kuna pia mgeni anayekuja bila wavu. Machi 2021 wapiganaji waliposhambulia Palma, kaskazini mwa Msumbiji, watu walikimbilia upande wetu, Mtwara. Hadi Julai, UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, liliripoti watu zaidi ya 9,600 waliorudishwa Msumbiji tangu Januari mwaka huo, kupitia Negomano. Utaniuliza, na Kitaya je, kijiji chetu kilichovamiwa Oktoba 2020? Hofu ya kuvamiwa tena ni ya haki kabisa. Ila mama mwenye mtoto mgongoni hakuvamia Kitaya; alikuwa akiwakimbia walewale. Kumtenganisha yeye na mhalifu ni kazi ngumu, lakini ndiyo kazi ya serikali.

Nina maombi mawili. Viongozi wa BMU, vikundi vya usimamizi wa uvuvi, mgeni akifika mwaloni na wavu wake, mwiteni siku ileile, mwelezeni wapi panavuliwa, nyavu zipi zimekatazwa na ushuru unalipwa wapi, kwa lugha anayoielewa. Nanyi wakubwa wa mpakani, anayekimbia risasi asikilizwe kwanza, mmoja mmoja, kabla hajapandishwa kwenye gari la kumrudisha alikotoka.