Kazi ya Leo na Mzigo wa Kesho



Nataka kusema nanyi leo juu ya ugonjwa usio na kidonda, lakini huondoa usingizi, hukata hamu ya chakula na huleta ugomvi nyumbani. Jina lake ni wasiwasi. Mkulima aliyekwisha panda mahindi hulala akitega sikio kama mvua yaja. Mfanyakazi wa mjini huhesabu siku zilizobaki kufika mwisho wa mwezi, na kodi ya chumba imekwisha mtangulia. Mama humwangalia mtoto mwenye homa, na moyoni amekwisha mzika, ingawa mtoto yu hai mikononi mwake. Mzee hufikiri karo ya mwanawe aliye sekondari, na kila apatapo jawabu moja, maswali mawili huzuka.

Sitawaambia kwamba mambo haya si kitu. Njaa ni njaa, na deni ni deni. Mtu amwambiaye mwenzake aliye taabuni, "Usijali," kisha akaenda zake, hakumsaidia neno. Swali langu ni hili: Mkristo asemapo kwamba amemtumaini Mungu, maana yake ni nini hasa? Na tumaini hilo lamfaa nini siku ya shida?

Uangalifu na wasiwasi

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili yanayofanana kwa sura, nayo ni uangalifu na wasiwasi. Uangalifu hutazama kesho ili ujue la kutenda leo. Wasiwasi hutazama kesho hata ukaisahau leo. Mwenye uangalifu akiona mawingu hupanda juu ya nyumba akaziba paa. Mwenye wasiwasi akiona mawingu hukesha akiyahesabu matone ambayo bado hayajanyesha, na asubuhi paa ni lile lile, lingali na tundu.

Kuna njia nyepesi ya kuvipambanua. Fikira ikikujia usiku, iulize: Je, wanipa kazi ya kufanya? Ikiwa yakupa kazi, basi kukipambazuka ifanye. Ikiwa haikupi kazi yo yote, bali yazunguka tu kama ngamia wa kinu cha ufuta, aendaye kutwa nzima asifike po pote, basi huo ni wasiwasi. Tena yule ngamia ana nafuu, maana mwisho wa siku mafuta yamepatikana. Wasiwasi hukuzungusha usiku kucha, na kikombe kikabaki kitupu.

Bwana Yesu aliyasema mambo haya mlimani, na maneno yake yameandikwa katika sura ya sita ya Injili ya Mathayo. Wale waliomsikiliza hawakuwa matajiri. Wengi walikuwa watu wa Galilaya, wakulima na wavuvi, walioishi chini ya utawala wa Warumi na kutozwa kodi. Waliijua njaa kama tunavyoijua sisi. Hata hivyo aliwataka wasisumbuke kwa ajili ya chakula na mavazi. Akawaonyesha ndege wa angani, akawauliza kama yuko mtu awezaye kuyarefusha maisha yake hata kidogo kwa kuhangaika.

Wako watu waliomsikia vibaya, wakadhani amewaruhusu kukaa bure. La, sivyo. Mtazame huyo ndege mwenyewe. Hakai katika kiota akingoja funza amwangukie mdomoni. Huamka alfajiri kabla ya wengi wetu, akaruka huku na huko kutwa nzima akitafuta riziki yake. Lakini jua lituapo, hulala. Haketi tawini usiku akihesabu funza wa wiki ijayo. Neno alilolikataza Bwana si kazi, wala si akiba. Alilolikataza ni kuubeba leo mzigo wa kesho.

Jambo hili limo katika Maandiko tangu kale. Wana wa Israeli walipokuwa jangwani walipewa mana kila asubuhi, nao waliambiwa waokote ya kutosha siku ile. Walioificha mpaka siku ya pili kwa hofu waliikuta imeoza na kuingia mabuu. Ila siku ya sita waliamriwa waokote sehemu mbili, kwa kuwa siku ya saba ni ya kupumzika, na akiba hiyo haikuoza. Yusufu naye, alipowekwa kuwa mkuu katika nchi ya Misri, alitoza sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba ya shibe, akajaza maghala kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Hakuna po pote panaposemwa kwamba Yusufu alikosa imani kwa sababu ya kujenga ghala. Basi, ndugu mkulima, ukitengeneza ghala la mahindi, ukiweka fedha kidogo katika chama cha ushirika, au ukipanda mtama na mihogo mahali ambapo mahindi hayana hakika, humtilii Mungu shaka. Watumia akili aliyokupa. Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tena walisema kwamba jitihada haiondoi kudura. Methali hizi hazipigani: moja yaihusu mikono yetu, na ya pili yamhusu Mungu.

Mtu aliyeandika hesabu zake

Nitawapa mfano wa mtu aliyeyashika mambo hayo yote mawili. Jina lake ni George Müller. Alizaliwa Prussia mwaka 1805, akahamia Uingereza mwaka 1829, kisha akakaa katika mji wa Bristol. Mjini humo aliwaona watoto yatima wasio na mahali pa kulala. Mwaka 1836 alifungua nyumba ya kuwatunza, naye alikuwa hana mali. Akakata shauri kwamba hatamwomba mtu ye yote fedha, wala hatakopa. Atapeleka haja zake kwa Mungu kwa sala. Mara nyingi fedha za chakula zilifika siku ile ile zilipohitajiwa, wala si kabla. Hata hivyo kazi ilikua. Kufikia mwaka 1870 zilikuwapo nyumba kubwa tano katika kilima cha Ashley Down, zenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Alipokufa mwaka 1898, watoto kama 10,000 walikuwa wamepita katika nyumba zake.

Lakini tazameni na jambo la pili, ambalo husahauliwa. Mtu huyu wa sala alikuwa mtu wa daftari. Kila kilichotolewa, hata kikiwa kidogo sana, kiliandikwa, na hesabu zilitangazwa mwaka kwa mwaka. Alijua idadi ya watoto wake na gharama ya chakula chao. Hakuutumia utakatifu kuwa kisingizio cha uvivu. Aliifanya kazi yake kwa uangalifu wote, na lile lililozidi uwezo wake alimwachia Mungu.

Imani si hirizi

Huenda mmoja wenu asema moyoni: Huyo alipata alichokiomba. Lakini mimi niliomba, na mtoto wangu akafa. Waninenea nini mimi?

Swali hili ni la haki, na mhubiri alikwepaye hastahili kusikilizwa. Basi na twende Mombasa. Mwaka 1844 alifika huko mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Rosine alishikwa na homa, akazaa mtoto wa kike, akafariki. Siku chache baadaye mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Mke na mtoto walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Mtu yule alikuwa ameyaacha makwao kwa ajili ya Mungu, naye katika muda wa miezi michache alipotewa na jamaa yake yote.

Hatuwezi kusema kwamba hakuomba. Wala hatuwezi kusema kwamba imani yake ilikuwa ndogo, maana aliwaandikia wale waliomtuma kwamba kaburi lile liwe kwao ishara ya kuanza kwa kazi katika sehemu hii ya dunia. Kisha akarudia kazi yake. Alikuwa amekwisha anza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akaendelea. Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, wakaenda kukaa Rabai. Krapf alirudi Ulaya mwaka 1853 kwa sababu ya afya mbaya, akafa mwaka 1881. Kamusi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka 1882, wala yeye hakuiona.

Twajifunza nini hapo? Twajifunza kwamba imani si hirizi ya kumfunga mtu kiunoni ili msiba usimfikie. Yeye akuahidiye kwamba ukiamini hutaugua, hutafiwa, wala hutapungukiwa, amekuahidi neno ambalo Kristo hakuliahidi. Kristo mwenyewe alilia alipofiwa na rafiki yake Lazaro, na katika bustani ya Gethsemane aliomba kikombe cha mateso kimwondokee, nacho hakikumwondokea. Ahadi ya Mungu ni nyingine, nayo ni kwamba mja wake hataachwa peke yake katika msiba, na kwamba msiba hautakuwa na neno la mwisho. Mwenye wasiwasi husema, "Likinipata jambo hili, nimekwisha." Mwenye imani husema, "Likinipata jambo hili nitalia, lakini sitakuwa nimekwisha." Hiyo ndiyo tofauti, nayo si ndogo.

Mtume Paulo aliijua tofauti hiyo. Barua yake kwa Wafilipi aliiandika akiwa kifungoni, asijue kama ataachiliwa au atauawa. Katika sura ya nne aliwasihi wasisumbuke kwa neno lo lote, bali wampe Mungu haja zao kwa sala pamoja na shukrani, na amani ya Mungu itailinda mioyo yao. Neno alilolitumia kwa kulinda ni neno la kiaskari, kama la walinzi langoni. Wafilipi walilielewa vema, maana mji wao ulikaliwa na askari wa Kirumi waliostaafu. Mlinzi hauondoi usiku. Usiku ungalipo, lakini mwenye nyumba aweza kulala.

Mambo manne ya kutenda

Nisingependa mwende zenu na maneno matupu, basi nitataja mambo manne ambayo kila mtu aweza kuyajaribu.

La kwanza, litaje jambo kwa jina lake. Wasiwasi hupenda giza. Usiombe kwa ujumla tu, sema mbele ya Mungu, "Ni deni hili, la kiasi hiki, kwa mtu huyu." Jambo likiisha kutajwa, aghalabu huonekana dogo kuliko lilivyokuwa gizani.

La pili, ligawe. Sehemu iliyo mkononi mwako ifanye leo: nenda ukamwone mwenye deni kabla hajakutafuta, mpeleke mtoto hospitali, palilia shamba. Mvua si kazi yako, palizi ni kazi yako. Sehemu isiyo mkononi mwako, mkabidhi Mungu, wala usiende kuichukua tena usiku wa manane.

La tatu, shukuru. Paulo hakuitenga sala na shukrani. Mtu akihesabu yaliyokosekana pasipo kuhesabu yaliyopo, hesabu yake ni ya uongo, na hesabu ya uongo haimwongozi mtu.

La nne, usijifiche. Mwambie mkeo au mumeo, mwambie mzee wa kanisa, mwambie rafiki amchaye Mungu. Mzigo ubebwao na wawili hupungua uzito. Na ikiwa usingizi umekukimbia kwa majuma mengi, au umefikia kuyachoka maisha, mwone daktari pasipo kuona haya. Akili huugua kama mwili unavyougua, na kwenda hospitali si kumkana Mungu, kwa maana yeye hutenda kazi kwa mikono ya watu pia.

Na ninyi ambao mwaka huu ghala zenu zimejaa, neno hili ni lenu pia. Yakobo katika waraka wake aliwakemea watu wamwambiao ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, pasipo kumpa cho chote. Pengine jirani yako ameomba jana usiku, na jawabu la sala yake limo katika gunia lililo nyumbani mwako. Ukilizuia, wamzidishia wasiwasi wake. Ukimpelekea debe moja la mahindi, umemhubiria vizuri kuliko nilivyohubiri mimi hapa.

Mungu hakutuahidi kuijua kesho. Ametupa leo, na nguvu za leo, na jirani wa leo. Kila mmoja wetu ana kazi fulani inayomngoja, naye aijua. Basi na aende akaifanye, na jioni akiisha kusali, azime taa alale.