Neno Takrima na Matumizi Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Sumbawanga)



Leo twaomba kusema nanyi juu ya neno moja tu, takrima. Neno hili ni la ukoo mmoja na karimu, ukarimu na karama. Kwa Waarabu, ambao tulilipata kwao, karimu ni mtu mtukufu na mtoaji kwa pamoja. Ndiyo kusema mgeni hukirimiwa kwa ajili ya heshima ya mwenye nyumba, wala si kwa ajili ya kitu atakachorudisha.

Hayo sisi wa Ufipa hatukungoja kufundishwa katika chuo cha ualimu. Mgeni akifika jioni huwekewa ugali wa ulezi na maharage, basi.

Sasa tazameni neno hili lilikofikishwa. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikasema kwamba kitu kilichotolewa kwa nia njema kama takrima ya desturi hakihesabiwi kuwa rushwa. Wajanja wakashangilia! Sukari, khanga, pombe, vyote vikaitwa takrima. Mashirika matatu ya wanasheria na watetezi wa haki yakaenda Mahakama Kuu, Dar es Salaam, na Aprili 2006 mahakama ikaamua kuwa vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, kwani vilimbagua mgombea asiye na mali.

Vifungu vilikufa, mazoea hayakufa. Tulipokuwa tukipita kijiji kimoja kuomba kura, mama mmoja, baada ya kumwamkia, alituuliza, "Wanangu, mmekuja mikono mitupu?" Tulimjibu kwa ukali. Tulikosa. Ilikuwa Oktoba, ghala limepungua, mbegu na mbolea hazijanunuliwa, na waliotutangulia ndio waliomzoeza. Mama yule yule akatuletea uji. Tuliunywa huku tumeinama.

Kwa hiyo twayaomba matawi yote: mgombea wetu akialikwa, ale kilichopikwa na ashukuru, lakini asishushe gunia la sukari mlangoni pa mtu. Akiulizwa kama tulivyoulizwa, aketi, azungumze bei ya mahindi na mbolea mpaka mwenye nyumba achoke yeye. Huenda akazikosa kura za kijiji hicho. Na azikose.

Maswali twayapokea sasa, tukianza na wazee.