Kujifunza Kihispania: Mazungumzo kwa Wakazi wa Kata ya Nyamwaga



Nimeombwa nizungumzie njia zifaazo za kujifunza Kihispania. Pengine mzee atauliza: Nyamwaga na Uhispania wapi na wapi? Jibu li karibu. Serengeti ni jirani yetu, na kati ya Julai na Oktoba nyumbu huvuka Mto Mara upande wa Lamai. Miongoni mwa wageni wajao kuwatazama wamo wasemao Kihispania. Tena lugha hiyo si ngeni Afrika: ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta.

Vijana, msiiogope. Irabu zake ni tano, kama za Kiswahili, na kwa sehemu kubwa husomwa kama ilivyoandikwa. Meza ni *mesa*, bendera ni *bandera*, sukari ni *azúcar*. Nyumbu mwenyewe huitwa *ñu*, nayo hutamkwa "nyu". Sisi tuliolelewa kwa Kikuria na Kiswahili tumezoea ngeli nyingi. Kihispania kina jinsi mbili tu za nomino. Nafsi, ambayo sisi huiweka mwanzoni mwa kitenzi, wao huiweka mwishoni: *hablo*, ninasema, *hablas*, unasema, *habla*, anasema.

Palipo na kazi ni katika *r* na *l*, ambazo ndimi zetu huzichanganya. *Pero* ni "lakini", *pelo* ni "nywele", na *perro*, kwa *r* ya kutetemesha, ni "mbwa". Zifanyieni mazoezi kwa sauti, tangu siku ya kwanza.

Sasa njia zenyewe. Kwanza, nusu saa kila siku hushinda saa nne za Jumapili. Haba na haba hujaza kibaba. Pili, jifunze sentensi nzima utakazozitumia kazini: kukaribisha, kutaja bei, kueleza njia, kuonya juu ya hatari. Tatu, andika maneno kumi daftarini, yarudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, ukifunika maana na kujiuliza mwenyewe. Nne, pakua masimulizi simuni unapokuwa na bando, uyasikilize hata lisipokuwapo. Tano, jifunzeni wawili wawili: mmoja awe mgeni, mwingine mwenyeji, kisha mbadilishane. Anayengoja ajue kila kitu ndipo aseme, hatasema kamwe.

Wazazi, nanyi nina neno kwenu. Lugha peke yake haimpi kijana ajira. Mwongoza watalii huhitaji pia mafunzo ya kazi, leseni, na ujuzi wa wanyama na mimea. Kiingereza nacho bado kinatakiwa. Kwa hiyo, kabla hujauza ng'ombe ili kulipia kozi ya mbali, mwache mwanao ajaribu miezi mitatu hapa nyumbani kwa daftari, simu na mwenzake. Akidumu, utajua kwamba fedha yako inafuata bidii iliyokwisha kuonekana. Akiacha, ng'ombe wako bado yu zizini, naye kijana atafute njia nyingine bila deni wala lawama.