Walimu na watoto waliopitia vita: mazungumzo na familia zilizohama na viongozi wa Kalembe

  

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya mafunzo ya walimu na wafanyakazi wote wa shule kuhusu afya ya akili ya watoto. Tuanze na yale ambayo mafunzo haya siyo. Wazazi wengi wakisikia neno "akili" wanaogopa kwamba majina ya watoto wao yataandikwa kuwa wazimu, na kwamba kesho binti hataolewa kwa sababu ya karatasi hiyo. Mwalimu hafundishwi kuwa daktari. Hana ruhusa ya kumpa mtoto jina la ugonjwa, wala ya kutengeneza orodha ya watoto na kuipeleka mahali. Mkiona orodha ya namna hiyo, ulizeni inakwenda kwa nani na kwa kazi gani. Ni haki yenu.

Kwa nini basi tunayataka mafunzo hapa, mpakani mwa Masisi na Walikale? Ninyi mnajua kuliko sisi. Mwaka 1993 machafuko yaliyoanzia Ntoto yalienea katika wilaya zote mbili, na watoto waliokimbia wakati ule ndio baba na mama walioketi hapa leo. Mwezi wa Oktoba 2024, ingawa kusimamisha vita kulipaswa kuanza kutumika tangu mwezi wa Agosti, mapigano kati ya M23 na vikundi vya Wazalendo yalifika Kalembe penyewe. Mwezi wa Februari 2025, baada ya Goma kutekwa, kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa, na familia zikabeba tena maturubai na masufuria barabarani. Kuna mtoto wa miaka minane ambaye hajawahi kumaliza mwaka mzima wa masomo katika shule moja.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba mahali palipopigwa na vita, karibu mtu 1 kati ya 5 ana shida ya afya ya akili. Kwa wengi ni shida ndogo au ya kadiri, wachache ndio wenye shida kali. Hesabu hiyo haikufanywa Kalembe, lakini inatuonyesha kwamba jambo hili ni la watu wa kawaida, wala si la familia fulani yenye laana.

Nyumbani mnamwona mtoto huyo. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena. Mlango ukipigwa na upepo anajificha. Mwingine haogopi kitu, ila anapiga wenzake kila siku. Mwingine ametulia mno, anatazama ubao na hasomi, na watu wanamsifu kuwa ana adabu. Sisi huyo wa mwisho ndiye anayetusumbua zaidi, kwa sababu hakuna anayemwona. Hapa watu husema mtoto "ana mawazo mengi," na neno hilo ni zuri. Tulitumie badala ya kusema ni mvivu, mkaidi au amerogwa. Wengi wao hupata nafuu wakipata usalama, chakula na watu wa kuwategemea. Lakini ikiwa majuma yanapita na mtoto hali, halali, hachezi, au anasema anataka kufa, hapo tusingoje.

Katika mafunzo mwalimu anajifunza hatua tatu zinazotumika katika msaada wa kwanza wa kisaikolojia: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Anatazama nani amebadilika. Anasikiliza bila kumlazimisha mtoto kusimulia aliyoyaona. Kumsimamisha mbele ya darasa aeleze jinsi baba alivyouawa ni kumjeruhi mara ya pili, hata kama nia ni njema. Kisha anamuunganisha na mzazi, kituo cha afya au mtu mwingine anayeweza kusaidia. Tena anajifunza kwamba saa inayojulikana, wimbo uleule wa asubuhi na mahali pale pale pa kuketi vinatuliza mtoto ambaye maisha yake yote yamevurugwa. Fimbo haitulizi. Mtoto aliyekwisha kupigwa na vita akipigwa na mwalimu anajifunza tu kwamba hata shuleni hakuna usalama.

Tunasema "wafanyakazi wote" kwa makusudi. Mlinzi wa lango ndiye anayemwona mtoto anayekuja kabla ya jua kuchomoza kwa sababu hataki kubaki nyumbani. Mama anayefagia ndiye anayemkuta msichana akilia nyuma ya choo. Hao mara nyingi hawaitwi kwenye mafunzo kwa sababu hawana diploma, na sisi tunaona hilo ni kosa kubwa.

Wengine wanatuuliza kama mpira na nzango havitoshi. Michezo ni mizuri, iendelee. Lakini katika kambi mbili za waliohama karibu na Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwafuata vijana 314 wa miaka 14 hadi 17, na matokeo yakatolewa mwaka 2007. Wasichana waliokaa katika vikundi vya mazungumzo vilivyoongozwa na watu wa palepale waliofunzwa walipungukiwa na huzuni nzito. Kwa wavulana haikuonekana wazi. Michezo peke yake haikuleta tofauti katika huzuni hiyo. Kwa hiyo shirika likiwaletea mipira kumi na kusema limemaliza kazi ya afya ya akili, liulizeni zaidi.

Na mwalimu mwenyewe? Naye amekimbia, naye amezika. Tangu masomo ya msingi yalipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na kuna walimu wanaofundisha bila mshahara wa serikali. Kumwambia mtu wa namna hiyo abebe pia huzuni za watoto hamsini ni kumtwisha mzigo juu ya mzigo. Ndiyo maana hatupendi semina ya siku tatu yenye soda na cheti, kisha kwaheri. Katika miaka ya 2010 shirika la IRC lilifunza walimu wa mashariki mwa Kongo, likawaweka katika vikundi vya kukutana na kusaidiana. Watafiti wa chuo kikuu cha New York waliona kwamba wanafunzi wa shule hizo walianza kuwaona walimu kuwa watu wanaowajali zaidi. Mkutano wa walimu wa saa moja kila juma hauhitaji mfadhili. Unahitaji direkta anayeruhusu, na wazazi wasiosema kwamba walimu wamekaa bure.

Kuna mambo ambayo mwalimu hapaswi kuyashika peke yake. Mtoto aliyebakwa afikishwe kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haifanyi kazi baada ya hapo. Zikiwa zimepita, apelekwe vilevile, maana matibabu mengine yapo. Jambo hilo lisimalizwe kwa mbuzi kati ya familia mbili. Mtoto anayeanguka na kutoa povu mara nyingi ana kifafa. Kifafa kina dawa, hakiambukizi kwa mate, na mtoto huyo anaweza kusoma. Kwa shida kali kuna Tulizo Letu huko Goma na SOSAME huko Bukavu. Ni mbali, na barabara mnaijua; basi muuguzi wa karibu awe mlango wa kwanza.

Tuje kwa amani yenyewe. Darasani wanaketi pamoja mtoto wa mwenyeji, mtoto wa aliyehama, na kijana aliyekuwa kadogo msituni. Wenzake wakimwita muuaji kila siku, atarudi kwa wale waliompa bunduki, kwa sababu kule alikuwa na jina. Mwalimu aliyefunzwa anaweza kuyazuia maneno hayo darasani. Yanayosemwa jioni kwenye moto yako mikononi mwenu.

Kwenu viongozi tuna maombi mawili. Nchi yetu ilikubali Azimio la Shule Salama mwaka 2016, linalotaka watu wa vita wasitumie shule. Wenye silaha wakitaka kulala darasani, yeyote awe nani, msiwaachie direkta peke yake kuwajibu. Nendeni pamoja, na wachungaji na mapadri wawemo. Pili, mnapochagua watu wa mafunzo, wasitoke kabila moja wala upande mmoja wa kambi, na wanawake wawemo.

Sasa tunyamaze sisi, tuwasikilize ninyi. Tunaomba waanze kina mama walioketi nyuma.